Mwaka Tulipomunywesha Bubu

Habari ya kifo cha Bahati ilinikuta chini ya gari, kama karibu habari zote za maisha yangu. Mimi ni fundi wa magari, na hata leo, muzee wa magoti mabovu, vijana wa garaji wakishindwa wananiita nilale chini niwaangalilie. Kijana mumoja alikuja akapiga bati na funguo: "Papa Filipo, toka kwanza. Papa Bahati wa Sake amekufa." Sikutoka mara moja. Nilibaki pale chini nikiangalia mafuta yanadondoka, nikasema moyoni, ehe, sasa ni lazima. Kulikuwa na neno moja nililopaswa kumuambia muntu yule. Nimelibeba tangu mbele ya Uhuru, wazungu wangali wanatawala, na kila mwaka niliahidi kulisema mwaka unaokuja. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yamekwisha kuoa na kuzaa. Sasa Bahati hayuko tena wa kuambiwa, amebaki muke wake Esteri. Nikanawa mikono, nikapanda pikipiki ya kukodi mpaka Sake, tukipita katikati ya chukudu, zile trotineti za mbao za hapa kwetu, za magurudumu mawili, zimejaa kabichi na makala ya kupikia mpaka dereva haonekani. Njia yote nilikuwa napanga maneno, na yote yalikuwa mabaya.

Habari za baba yangu na mama yangu sitaziandika hapa. Inatosha mujue kwamba mimi ni wa watu wa ng'ombe, Bahati alikuwa wa watu wa shamba, wote wawili wa vilima vya Masisi, wote wawili wabatizwa, na kwamba mwaka mumoja wa ile miaka ya hamsini tulitelemuka kwa miguu mpaka Walikale, kwa sababu tulisikia kuna kazi kwa kiwanja cha ndege cha askari. Muntu aliyezoea baridi ya Masisi akifika Walikale anaona kama amefunikwa blanketi yenye maji. Pori kila upande, mbung'o, na hakuna ng'ombe hata mumoja. Kiwanja kilikuwa njia pana ya udongo mwekundu iliyokatwa ndani ya miti, na pale kila muntu alitambulika kwa kitu anachopanda. Litena, mukubwa wa kiwanja, alikuwa na jeep. Serja, yaani sajenti, mweusi kama sisi, alikuwa na pikipiki iliyokataa kuwaka kila asubuhi, akiitukana kwa lugha tatu. Muntu wa barua alikuwa na baiskeli. Sisi wengine tulikuwa na miguu yetu na matoroli mawili. Halafu kulikuwa na Bubu.

Bubu ilikuwa gari fupi la rangi ya majivu, magurudumu manne madogo, juu ni mbao tupu za kupakia mizigo. Dereva hakukaa. Alisimama mbele juu ya kibao, mukono kwenye fimbo ya kugeuzia, mguu juu ya chuma. Akikanyaga inaenda, akitoa mguu inasimama. Haikunywa esansi, haikutoa moshi, haikulia, njo maana tuliiita Bubu. Ilitembea na batri zilizolala ndani ya sanduku chini ya mbao. Wazungu waliileta kwa ajili ya mapipa ya esansi na masanduku ya risasi, kwa maana waliogopa gari lenye moto karibu na vitu vile. Siku za kwanza, wamama waliouza ndizi kando ya kiwanja walikimbia wakiiona inakuja bila sauti. Juzi mujukuu wangu alinionyesha ku telefone yake askari wa inchi za mbali, wamesimama juu ya trotineti ndogo ya umeme, wanazunguka kati ya ndege zao, akacheka: "Koko, ona, haina hata esansi!" Nilimurudishia telefone yake. Nilimuambia nina usingizi.

Muzungu wa mafundi tulimuita Mandevu, na huyu hakuwa muntu mubaya. Ndiye aliyemuchagua Bahati kuwa dereva, na mimi kuwa musaidizi wake: kila jioni nifunge waya za mashini ya umeme ku batri, na kila siku ya posho, yaani Jumamosi, nifungue vifuniko vyake nizijaze maji. Si maji yoyote. Maji ya batri yalikuja na ndege ndani ya chupa kubwa za tumbo zilizovikwa nyasi, na Mandevu alizifunga kwa kufuli kama pombe ya misa. Siku moja alimuita Bahati mbele yangu, akamuambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: "Mwaka moya. Hii gari ikimaliza mwaka bila kufa, weye unapanda ndege, unaenda kusoma bufundi ku kambi kubwa ya ndege. Fasi iko moya. Ni ya weye." Vijana wa leo hawawezi kujua neno hili lilikuwa na uzito gani. Muntu mweusi mwenye karatasi ya ufundi! Bahati alikwenda nyuma ya nyumba ya mapipa, nikamukuta amepiga magoti ndani ya matope, anasali, suruali ya kazi yote imeharibika. Tangu siku ile aliosha Bubu kila asubuhi, hata asubuhi ya mvua, na alimukataza kila muntu kuikalia.

Tulipewa nyumba moja ya udongo, paa la majani, vyumba viwili. Upande mumoja Bahati na Esteri, waliokuwa wameoana miezi michache tu. Upande wa pili mimi. Katikati kulikuwa ukuta wa matete, tena mwembamba: ukikohoa, upande wa pili wanakuambia pole. Chakula tulikula pamoja mulangoni kwao. Esteri alipika sombe, majani ya muhogo, na mawese, samaki wa chumvi, na bugali ya muhogo ngumu kama vile Bahati alivyopenda. Mimi nililalamika juu ya maziwa. Mwaka muzima nililalamika, nilikuwa muntu wa kuchokesha. Esteri alinicheka: "Shemeki, unalia maziwa sawa ndama! Nikukamulie nani huku, tembo?" Na Bahati, mudomo umejaa, alieleza tena mambo ya Bubu: leo amebeba mapipa mangapi, leo kwenye kona hakutikisika. Esteri alikuwa anamusikiliza na uso wa kucheka, akimuongezea sombe, mpaka siku moja akaweka kijiko chini. "Kila siku Bubu, Bubu, Bubu. Miye niko muke wa pili mu hii nyumba. Unipandishe basi, nione muke mwenzangu anatembea namna gani."

Bahati alikataa juma zima. Halafu, siku ya Mungu moja, wazungu walikwenda kuvua samaki mutoni, serja alikuwa amelala, na Esteri alitoka misa amevaa kikwembe chake cha arusi. Bahati alimupandisha. Alimusimamisha nyuma yake juu ya mbao, akamuambia amushike kiunoni, akakanyaga. Walikwenda kichwa mpaka mukia wa kiwanja, bila sauti, isipokuwa sauti ya Esteri akicheka na kupiga kelele "Yesu wangu! Bahati! Polepole!" na Bahati akijibu kwamba hii njo polepole. Mimi niliwakimbilia nyuma kama mujinga, viatu mukononi. Nimeishi sana, nimeona arusi nyingi na siku ya Uhuru yenyewe, lakini sijaona tena watu wawili wenye furaha namna ile. Walizunguka mara mbili, Bahati akamushusha, akapangusa mbao na shati lake.

Kisha mvua ikaanza. Mvua ya Walikale haina heshima. Ilinyesha juma moja, la pili, la tatu, kiwanja kikawa matope, na ndege iliyokuja ilizunguka juu mara mbili ikarudi ilikotoka. Mandevu alikamatwa na homa, wakamutia ndani ya jeep kumupeleka lopitalo, alikuwa anatetemeka, lakini aliinua kichwa akatuambia: "Batri isikauke. Ikikauka, inakufa." Hatukumuona tena. Alituachia ufunguo, na chupa ya mwisho ilikuwa imebakia na maji ya kujaza kikombe tu. Nikamimina, yakaisha. Siku zilizofuata nilifungua vifuniko nikaona vyuma vya ndani vinaanza kutoka inje ya maji, na Bubu ikaanza kuchoka. Bahati aliacha kula. Ulikuwa umebakia mwezi mumoja na siku chache mwaka utimie.

Sasa musikilize ujinga wa muntu wa ng'ombe. Kwetu, ng'ombe akizaa akabaki dhaifu, maziwa yamekauka, manyoya yamesimama, hatumupi maji ya mutoni. Tunamupeleka kwa chemchemi ya chumvi. Anakunywa amefumba macho, na kisha siku chache ngozi inang'aa. Nimeona jambo hili tangu utoto, halikosei. Tena Mandevu alikuwa ametuambia kwamba ndani ya batri kuna dawa kali, na mimi, muntu wa kutaka kujua, siku moja nilichovya kidole nikaonja. Ulimi uliwaka. Ilikuwa uchungu na ukali karibu na ule wa chemchemi yetu, nikajisemea, kumbe wazungu nao wanajua! Basi nikamuambia Bahati: "Hii kiu haiko ya maji ya bure. Bubu anatafuta chumvi." Bahati akasema: "Miye niko muntu wa jembe, Filipo. Mambo ya kunywesha, weye njo unajua. Ni hakika?" Nikasema: "Hakika ya Mungu." Nililitumia jina la Mungu juu ya maji.

Ng'ambo ya muto kulikuwa na fasi ambapo nyati walikuja kulamba udongo, na pale maji ya chumvi yalitoka chini, ya vuguvugu. Tulikwenda sisi wawili, kila muntu na mutungi. Wakati wa kurudi mvua ilitupiga mpaka hatukuonana, na sisi, kwa akili yetu, tulikata majani mapana tukafunika midomo ya mitungi, ili maji ya mvua yasiingie kupunguza nguvu ya chumvi. Bahati alivua hata shati lake akalifunga juu ya majani. Tukafika, nikajaza batri zote. Siku ile Bubu ilitembea vizuri, na Bahati alinikumbatia. Lakini jioni, nilipofunga waya za umeme, harufu ilitoka ndani ya zile batri, harufu kali iliyonishika puani na kooni, nikakohoa mpaka machozi. Haikuwa harufu ya siku zote. Nilijua haikuwa ya siku zote. Nikajisemea kwamba dawa inafanya kazi, na sikumuambia Bahati neno. Tulirudi chemchemi mara mbili zaidi.

Siku jua lilipotokea na ndege ikashuka, watu wote wametoka kutazama, Bubu ilikufa katikati ya kiwanja na mapipa manne mugongoni. Bahati alikanyaga, alikanyaga, bule. Askari waliisukuma kwa mikono mbele ya litena. Litena hakujua mambo ya batri, alijua mambo ya kosa: kitu kikivunjika, kuna muntu aliyekivunja. Alituita mbele ya bendera, na serja akasema yeye alisikia kwa wamama wa ndizi kwamba gari la serikali lilichukua muke siku ya Mungu, likakimbizwa kiwanja kizima kwa mchezo. Litena akamuuliza Bahati: "Ni kweli?" Bahati angeweza kukana. Hakuna aliyeona ila wamama wale na mimi. Akasema, "Ni kweli, Bwana." Litena akageuka kwetu. "Kuna mwingine iko na neno ya kusema?" Neno lilikuwa palepale juu ya ulimi. Maji. Ile harufu ilikuwa bado kooni mwangu. Nikaangalia viatu vya serja, na litena akasema, "Basi."

Walimupiga fimbo palepale, amelala juu ya tumbo. Nitaandika hivyo tu. Kesho yake walimuruhusu aingie nyumbani kuchukua blanketi kabla ya kumupeleka gerezani. Mimi nilikuwa upande wangu wa matete, nimekaa na sahani ya bugali ya jana juu ya magoti, na sikuwa na namna ya kutosikia. Bahati alisema kwa sauti ya chini, bila hasira: "Esteri, haiko juu ya yule litena. Ni Mungu. Ilikuwa siku yake, tukafanya mchezo nayo, gari ikafa." Esteri alikuwa analia. "Ni miye niliomba. Bahati, ni miye niliomba unipandishe." Nilingoja. Nilingoja aseme hapana, kama mwanaume anavyopaswa kumuambia muke wake. Nikamusikia anakunja blanketi, kisha akasema: "Ndiyo. Ni weye uliomba." Mulango ukafungwa. Sikutoka kumuaga. Nilikula ile bugali baridi mpaka mwisho, sijui kwa nini, labda ili mikono iwe na kazi.

Fasi ya masomo ilikuwa moja, na karatasi yake ilikuwa imekwisha kuja na ile ndege. Litena hakutaka irudi tupu. Aliandika jina langu. Nikasema asante, Bwana, na majuma mawili baadaye nikapanda ndege, mara yangu ya kwanza, nikatapika juu ya pori lote la Walikale. Kule kambi kubwa nilivaa viatu vipya, nililala kwenye kitanda cha chuma, nilikula nyama kila siku ya posho. Na mwezi wa kwanza, katika somo la batri, mwalimu mufupi mwenye miwani alisimama akasema jambo ambalo wengine wote waliliandika tu ndani ya daftari: chumvi inaua batri. Usitie maji yenye chumvi hata tone. Ukiwa porini umekosa maji ya chupa, weka chombo safi inje, kinga mvua. Maji ya mvua yanafaa. Mvua! Majuma matatu ilitunyeshea kichwani, na sisi tukaivulia shati kuizuia.

Hapo ningeweza kuandika barua. Nilijua kuandika. Lakini niliwaza: barua itapita kwa litena, litena ataisoma, na mimi nitateremushwa kwenye hiki kitanda cha chuma. Nikasema nitamuambia kwa mudomo, nikirudi. Niliporudi Bahati alikuwa ametoka gerezani, na kitabu chake cha kazi kilikuwa kimepigwa muhuri wa kosa, na kila muzungu aliyekifungua alikifunga mara moja. Walihamia Sake, na pale, kwenye njia panda ya Goma na Masisi, alibeba mizigo ya watu mugongoni mpaka mugongo ukakataa. Uhuru ulipofika, wakati muhuri ule haukuwa tena na maana, alikuwa kijana mwenye mugongo wa muzee. Kila nilipopita na gari nilisimama kwao. Alinishika mukono akawaambia majirani: "Huyu njo fundi! Tulikuwa naye ku Bubu." Hakuwa na wivu hata kidogo, na kwa sababu hakuwa na wivu mimi nilimeza tena neno langu. Esteri alinipikia. Nilikula, nikaaga, nikaondoka.

Siku ya tatu ya kilio cha Bahati nilimukuta Esteri nyuma ya nyumba, karibu na jiko la mawe, wasichana wanapika kwa masufuria makubwa na yeye amekaa juu ya mukeka, miguu imenyooka. Nilikaa kwenye kigoda. Aliniuliza habari za magoti yangu, nikamuuliza za macho yake. Halafu akasema mwenyewe, bila mimi kuanza: "Unajua, shemeki, tangu ile siku ya Bubu, Bahati hakunipandisha tena ku kintu. Hata baiskeli ya kuazima. Arusi ya binti yetu kule Kitshanga, yeye alipanda gari na wageni, miye nikaenda na miguu, siku mbili. Nilikubali. Niliona ni haki yake. Ni miye niliharibu maisha yake, na batoto banajua."

Nikamuambia. Nilimuambia yote, chemchemi, mitungi, harufu, litena, mwalimu mufupi, mvua. Maneno niliyopanga njiani hayakutumika hata moja. Alisikiliza akiangalia moto, na nilipomaliza hakulia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza kule masomoni."

"Mbele ya Uhuru."

"Mbele ya Uhuru, Mama Esteri."

"Na ulikuwa unakuja hapa kwangu, unakula."

"Nilikuwa nakula."

Wasichana walikuwa wanacheka karibu na masufuria, hawakutusikia. Nikasema kesho, watu wakikusanyika, nitasimama niseme mbele ya wote, mbele ya watoto wake, kwamba hakuwa yeye na haikuwa siku ya Mungu, ilikuwa mimi na chumvi yangu. Hapo njo alinigeukia.

"Hapana. Usiseme. Bahati alikufa anajua alipigwa juu ya nini. Alikuwa na sababu yake, alilala nayo kila siku, ilikuwa yake. Ukisimama kesho, watu batasikia tu kama alipigwa bule, akafungwa bule, akanichukia miye bule. Bule tatu kwa muntu mumoja, Papa Filipo, ni mingi. Sitaki batoto bamuzike mara ya pili."

"Na weye?"

"Miye nimekwisha kuzoea."

Kisha akamuita binti yake mukubwa, na sauti yake ilikuwa ileile ya kukaribisha wageni: "Letea Papa Filipo chakula. Ametoka mbali." Binti alileta maji, nikanawa. Alileta bugali na sombe, sahani imejaa mpaka pembeni, akaniinamia kwa heshima, akaniambia baba yake alikuwa ananisifu kila siku. Esteri alikaa pale mbele yangu, mikono juu ya magoti, akiangalia kama nitakula. Nikakula yote.